Kitambaa cha Sita

Nilipanda ngazi za ile ofisi nikiwa na hasira ya kuwatosha watu watatu. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilinifuata mpaka mlangoni. Palikuwa na kibao kidogo: Ofisi ya Malalamiko ya Huduma za Afya. Chini yake mtu alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Ofisi hii haiko chini ya hospitali yoyote. Niliisoma mara mbili. Wiki tatu nzima nilikuwa nimepigwa danadana na watu walio chini ya hospitali, kwa hiyo maneno yale yalinikaa vizuri rohoni.

Mkononi nilishika barua ya hospitali. Mistari minne. Ilisema kumbukumbu za chumba cha upasuaji zinaonyesha kwamba hesabu ya vitambaa ilikuwa sahihi mwanzo na mwisho, na kwamba uongozi unampa mgonjwa pole. Mdogo wangu alitolewa kitambaa tumboni, kipana kama taulo la uso, na hesabu ilikuwa sahihi.

Afisa wa malalamiko alikuwa mama mwembamba mwenye mafua, leso moja mkononi na nyingine mezani ikingoja zamu. Upindo wa sketi yake ulikuwa umefumuka upande wa kushoto. Mimi ni fundi cherehani. Hata nikiwa na machungu ya kunitoa machozi, jicho langu linakwenda kwenye upindo.

"Karibu ukae," akasema. "Anza popote."

Nikaanzia kwa Chiriku. Ndivyo tunavyomwita mdogo wangu, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hakuwahi kunyamaza, hata akila, hata akisukwa. Mama yetu alifariki Chiriku akiwa na miaka minne na mimi kumi na tisa. Nikamlea. Nilimshonea sare za shule, nilimfundisha kuvuka barabara, nilimpeleka kwa mumewe nikiwa nimevaa uso wa mama mzazi. Alipopata mimba yake ya kwanza mumewe alitaka wakajifungulie hospitali ya misheni, kule mbali kidogo. Mimi ndiye niliyekataa. Nikasema aende kwetu, pale ninapofanya kazi, ambako kila mtu ananijua na hakuna wa kumchezea.

Uchungu ulikwenda siku mbili, mtoto akaanza kuchoka, ikabidi apasuliwe haraka. Nilimsindikiza hadi kwenye mstari mwekundu uliopakwa sakafuni, ule ambao ndugu hawauvuki. Nikamwambia, "Nakusubiri hapa hapa." Mtoto wa kike akatoka salama. Tukashangilia.

Kisha tumbo likaanza. Mara ya kwanza wakamwambia ni gesi. Mara ya pili wakasema mshono unapona, avumilie. Mara ya tatu daktari kijana hakumgusa hata tumbo, akasema ni wasiwasi wa mama mpya, akamwandikia vidonge vya maumivu. Wiki ya tisa akaanguka bafuni. Daktari mwingine akampasua, akakuta kitambaa kimegandamana na utumbo. Wakakata kipande cha utumbo, wakamwachia mfuko ubavuni ambao haja inapitia. Ana miaka ishirini na sita.

"Na mimi nilikiona hicho kitambaa," nikamwambia afisa. "Kilikuwa kwenye beseni la chuma alilonionyesha daktari. Mkia wake umeshonwa kwa uzi wa kijani. Ni mimi niliyekishona."

Afisa akaacha kuandika.

Ikabidi nimweleze. Nipo chumba cha ushonaji cha hospitali ile ile, mwaka wa kumi na moja sasa. Tunashona mashuka, kanzu za madaktari, na vitambaa vya kufyonzea damu wakati wa upasuaji. Unakunja shashi mara nne, unapiga mshono pembeni, unaweka mkia wa utepe ili daktari akione kitambaa kikizama kwenye damu. Unavifunga vitano vitano, vinakwenda stoo, vinachemshwa, vinaingia chumba cha upasuaji. Uzi mweupe uliisha mwezi ule, tangu hapo natumia wa kijani.

"Kwa hiyo unailalamikia hospitali iliyokuajiri."

"Namlalamikia nesi aliyehesabu. Nataka asiguse mtu mwingine maishani mwake. Ikiwezekana afungwe."

Akapenga kamasi polepole, kama mtu anayejipa nafasi ya kufikiri. "Sisi hatufungi mtu, dada. Hatufukuzi mtu kazi, wala hatulipi fidia. Tunaita mafaili, tunaita watu, tunasikiliza kila upande, tunaandika kilichotokea na kinachopaswa kubadilika. Hospitali inalazimika kutujibu kwa maandishi."

"Kwa hiyo kazi yenu ni kuandika tu."

"Kazi yetu ni kuuliza mpaka jibu lieleweke. Na jambo moja ulijue mapema. Sisi si wa hospitali. Lakini si wa kwako pia."

Hilo la mwisho nililisikia kwa sikio moja. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitakavyomtazama yule nesi siku wakimleta.

"Mlalamikaji ni nani?" akaniuliza. "Wewe au mgonjwa?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja. Mgonjwa ni mtu mzima, ana akili zake. Mpelekee fomu hii. Na umuulize anataka nini yeye."

Nikatoka nimenuna. Kuulizwa na mtu wa nje kama namjua mdogo wangu.

Wodini nilimkuta shemeji dirishani, amembeba mtoto begani, macho mekundu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, mikono mikubwa, na tangu msiba huu uanze alikuwa ameacha kuzungumza kabisa, akawa ananesanesa tu na mtoto. Kitandani Chiriku alikuwa amekauka midomo. Kando yake kulikuwa na fomu ya ridhaa ya upasuaji wa tatu. Haijasainiwa.

Daktari alinivuta ukumbini kabla sijakaa. Usaha ulikuwa unajikusanya tena. Lazima afunguliwe asafishwe. "Ijumaa isipite," akasema. "Ukiingia kwenye damu, sitakuwa na la kufanya." Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Chiriku, saini hii karatasi," nikamwambia.

"Sisaini."

"Unataka kufa?"

"Nataka kujua kile kitambaa kilibaki vipi."

"Kwa uzembe. Ndivyo kilivyobaki."

"Uzembe ni neno, Dada." Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, maneno mawili, anapumzika. "Mimi nataka kujua kilibaki vipi. Walihesabu au hawakuhesabu. Wale wale, chumba kile kile, vitambaa vile vile. Siingii tena mle mpaka mtu aniambie."

Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia. Nikamwambia afikirie mtoto. Akageuza uso ukutani. Ubishi ule nilimfundisha mwenyewe, maana alipokuwa mdogo nilikuwa namwambia mtu asikupeleke mahali bila kukwambia unakwenda kufanya nini. Fomu ya ridhaa akaisukuma chini ya mto. Ile ya malalamiko akaisaini, herufi zimelala upande. Kwenye mstari unaouliza unataka nini, akaandika: Kujua ilikuwaje.

Nilirudi kwa afisa mbio, nikaiweka mezani. Nikamwambia kama kuna siku ofisi yake imewahi kukimbia, basi ikimbie leo. Alisoma ule mstari. Kwa kawaida, akasema, shauri kama hili linachukua miezi. Lakini matibabu ya mgonjwa yakisimama kwa ajili ya jibu, anaruhusiwa kuwaita watu mara moja. Akachukua simu mbele yangu. Watu wa hospitali wakamwambia faili linatafutwa. Akasema, "Litafuteni, nakuja kulingojea hapo hapo." Akavaa viatu, akafunga ofisi. Nilimpenda siku ile, sitaki kudanganya.

Jumatano akatukutanisha, mimi na yule nesi, katika kile chumba kilicho juu ya matairi.

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mwenye kiburi. Akaingia msichana mdogo kuliko Chiriku, mikono imepasuka kwa maji na sabuni, kifungo kimoja cha sweta kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Alikuwa ameshasimamishwa kazi, ingawa barua ilisema hesabu ilikuwa sahihi. Akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Huwezi kuiacha shikamoo ikining'inia. "Marahaba," nikasema, na lilinitoka kwa tabu.

Afisa alikuwa na faili mezani. Akamwambia nesi aeleze.

"Nilihesabu, mama. Mafungu manne, vitambaa ishirini. Daktari alipotaka kufunga tumbo nikahesabu vilivyotumika na visivyotumika. Ishirini. Mwenzangu naye akahesabu. Ishirini. Tukasaini. Tangu wanisimamishe nahesabu kila siku kichwani. Kila nikihesabu vinakuwa ishirini."

"Mwanzoni ulihesabu kimoja kimoja?"

Nesi akanywea. "Hapana. Mtoto alikuwa anachoka, daktari alikuwa anaita. Nilihesabu mafungu. Nilikuwa na wiki tatu tu hapo. Nilikotoka fungu ni vitano, siku zote."

"Umesikia," nikasema. "Amekiri mwenyewe."

Afisa akainua kiganja bila kunitazama. "Hilo ni kosa na nitaliandika. Kanuni inasema kimoja kimoja. Lakini bado halijajibu swali la mgonjwa. Kama fungu ni vitano, mafungu manne ni ishirini, na vilivyotoka ni ishirini. Cha ishirini na moja kilitoka wapi?" Akanigeukia. "Dada, wewe ndiye unayevifunga. Fungu moja lina vitambaa vingapi?"

Nilifungua mdomo kumjibu, maana lilikuwa swali la mtoto wa chekechea. Ndipo nikaiona mikono ya Bi Mkasi, mama aliyenifundisha kazi, ikinionyesha jinsi ya kufunga fungu mwaka wangu wa kwanza.

Ni hivi. Zamani, kitambaa kimoja kwenye fungu kikiwa kimefumuka, chumba cha upasuaji kinarudisha fungu zima. Mtunza stoo anashuka nalo mpaka kwetu, analirusha mezani, anatutukana mbele ya kila mtu, anaandika jina lako kwenye daftari lake. Bi Mkasi akatafuta dawa. Ukiwa na shaka na kitambaa kimoja, usikae ukifumua na kushona upya. Ongeza cha sita. Manesi wakifungua watakitupa kibovu, watabaki na vitano vizuri, na hakuna atakayeshuka kukutukana. Tulikiita kifuta lawama. Tulikuwa tunacheka tukikiweka. "Mwekee na kifuta lawama huyu," Bi Mkasi anasema, nasi tunaweka. Miaka kumi na moja. Manesi wa zamani walizoea. Hakuna aliyeandika popote.

"Vitano," nikasema.

"Kila mara?"

"Kila mara."

Afisa akaandika. Yule nesi akaanza kulia bila sauti, machozi yanashuka tu, kwa sababu jibu langu lilimmaliza. Nami nikakaa pale, nikamtazama mtoto wa watu analia, nikanyamaza.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja chumba cha ushonaji. Ilikuwa mchana, wenzangu wamekwenda kula, cherehani zimefunikwa. Kwenye rafu palikuwa na mafungu yaliyongoja kwenda stoo. Nikafungua la kwanza: vitano. La pili: vitano. La tatu: sita. La nne: vitano. La tano: sita. Uzi wa kijani, mshono wangu, fundo langu. Nikakaa sakafuni katikati ya shashi.

Kumbe nilikuwa nimemtafuta mkosaji kwa wiki tatu, nikampandia ngazi, nikamshtaki, na muda wote nilikuwa natembea naye.

Bi Mkasi akanikuta hapo. Ana miaka sitini na kitu, anakaribia kustaafu, miwani yake imefungwa kamba nyuma ya kichwa. Alitazama mafungu yaliyofunguliwa, akanitazama mimi. Akafunga mlango.

"Umewaambia?"

"Bado."

"Basi usiwaambie, mwanangu. Kuanzia leo tunaweka vitano tu. Litakwisha lenyewe."

"Na yule binti?"

"Yule alipaswa kuhesabu. Si kazi yake?"

"Na kazi yetu?"

Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. "Mimi nina miezi mitano nipumzike," akasema. "Wewe una mdogo wako wa kumuuguza. Wakikufukuza utamuuguza kwa nini? Na yeye akijua, unadhani atakuita Dada tena?"

Hapo ndipo aliponishika. Kazi ningeipoteza, nikashona vyandarua barazani, nikaishi. Lakini Chiriku ni mtu wangu wa pekee duniani. Nikafikiria kumwambia uongo wenye nusu ya ukweli: nesi hakuhesabu kimoja kimoja, basi, jibu ndilo hilo, saini twende. Lilikuwa jibu zuri. Lingemtosha. Nikaanza hata kulipanga, neno gani litangulie.

Kisha nikayatazama yale mafungu mawili ya sita. Mengine kama hayo yalikuwa yameshapanda juu, wiki iliyopita, na wiki ya kabla yake. Yamechemshwa, yamepangwa, yanangoja. Chiriku akisaini kwa uongo wangu, angelazwa chini ya vitambaa vile vile. Alikuwa ameuliza swali sahihi kuliko sisi sote, na yeye ndiye aliyekuwa anakufa.

Sikulala usiku ule, na asubuhi ya Alhamisi nilikuwa mlangoni juu ya duka la matairi kabla afisa hajafika. Alipanda na ufunguo mkononi na leso puani. Sikungoja akae.

"Ni sita," nikamwambia. "Si kila fungu. Mengine vitano, mengine sita. Ni sisi tunaoongeza. Lile lilikuwa langu."

Nilimweleza yote, kifuta lawama na kila kitu, nimesimama. Nilitarajia anifokee. Nilitamani anifokee, kusema kweli, ningepata pa kujishika. Akakaa, akavuta simu, akapiga chumba cha upasuaji. Akamwambia msimamizi wa pale, kwa sauti ile ile ya mafua, kwamba mafungu yote yaliyotoka kwa mafundi hayana idadi ya uhakika, kwamba kuanzia dakika hiyo kila fungu lifunguliwe na kuhesabiwa kimoja kimoja, na kwamba barua rasmi inafuata. Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, hata lile lililo mezani sasa hivi," akasema. "Nangoja kwenye simu."

Alingoja. Mimi niliushika ukingo wa meza. Baada ya muda akaitikia, akakata.

"Walikuwa katikati ya upasuaji," akaniambia. "Mafungu matatu. Vitambaa kumi na sita. Wangefunga kwa kumi na tano."

Nikavuta kiti, nikakaa.

Afisa akafungua faili. Nikaliona jibu langu la jana, Vitano, kila mara. Nikamwomba alifute.

"Sifuti," akasema. "La jana litabaki, la leo nitaliandika chini yake."

"Nilidhani uko upande wangu."

"Nilikwambia siku ya kwanza." Hakusema kwa ukali. Akaandika mistari kadhaa, akanisomea, nikasaini. Kisha akaweka kalamu chini. "Majibu ni ya mlalamikaji. Lazima apate leo, kwa ajili ya huo upasuaji. Naweza kwenda kumwambia mimi, ni kazi yangu. Au uende wewe."

"Nitakwenda mimi."

"Nitakuja nyuma yako nikimaliza ile barua rasmi," akasema, "nimuulize kama amepata jibu, na ni jibu gani."

Ripoti yao ilitoka miezi minne baadaye, kurasa kumi na nne. Nimeisoma mpaka imechakaa. Iliwataja wote: nesi aliyehesabu mafungu, mtunza stoo na daftari lake la matusi, uongozi ulioandika barua ya mistari minne bila kumuuliza mtu yeyote, na wale waliomrudisha Chiriku nyumbani mara tatu na tumbo lake, ambao ripoti iliwalaumu kuliko mtu mwingine yeyote. Nesi alirudishwa kazini. Mimi niko ukurasa wa tatu, aya ya pili. Ningependa kusema ile ripoti ilinipunguzia kitu.

Lakini Alhamisi ile sikuwa na ripoti. Nilikuwa na miguu yangu tu na ukumbi mrefu wa wodi.

Shemeji alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Chiriku alikuwa ameiva kwa homa, macho makubwa. Nikavuta kigoda karibu.

"Nimepata jibu lako," nikasema.

Nikamwambia. Nilianza na mafungu, nikaenda kwa mtunza stoo, nikaenda kwa Bi Mkasi, na kila nilipotaka kusema "tulikuwa tunaweka" nilijilazimisha kusema "nilikuwa naweka." Nikamwambia kuhusu nesi na hesabu yake ya ishirini. Nikamwambia kwamba jana niliulizwa nikadanganya. Shemeji aliacha kumnesanesa mtoto.

Chiriku alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kunisikiliza hivyo maishani, bila kudakia.

"Kwa nini mliongeza?" akauliza.

"Ili wasinitukane."

Akafumba macho. Nilidhani amezimia, nikainuka. Akafumbua.

"Sasa hivi wanahesabu vipi?"

"Kimoja kimoja. Nimesikia kwa masikio yangu afisa akiwaagiza."

Aliingiza mkono chini ya mto, akaivuta fomu ya ridhaa, imekunjamana na imelowa jasho. Akaomba kalamu kwa mumewe. Mimi nilikuwa nayo mkononi, nimeshainyoosha, lakini aliomba kwa mumewe. Akasaini.

Walikuja kumchukua saa nane mchana. Wakainua vyuma vya pembeni vya kitanda, wakaning'iniza chupa ya maji. Nikamkabidhi shemeji mkoba wangu ili nishike kitanda upande wa kichwani, kama nilivyofanya mara mbili zilizopita.

"Dada," akasema Chiriku. "Leo usinisindikize."

"Mpaka mstarini tu."

"Hapana. Baba mtoto atanisindikiza. Wewe baki."

Hakusema kwa hasira. Ningeijua hasira yake, nimeilea. Nikauachia ule upande wa kichwani, shemeji akanirudishia mkoba, akampa mtoto nesi wa wodi kwa kusitasita, akashika kitanda mahali nilipokuwa nimeshika mimi. Magurudumu yakaanza kulia. Sikuona walipofika kwenye mstari mwekundu, kwa sababu kutoka pale nilipoambiwa nibaki hauonekani.

Afisa alikuja kama alivyosema, akamkuta ameshapelekwa. Nesi wa wodi akamwonyesha fomu iliyosainiwa. Akaitazama, akanitazama, akanikalisha benchi, akakaa nami kidogo. Kisha akaenda, ana watu wengine.

Nilikaa saa tatu na nusu. Nilihesabu vigae vya ukuta, nikakosea, nikaanza upya. Mtoto alilia, nesi wa wodi akamchukua, akanitazama kama anataka kunipa, mimi nikatikisa kichwa. Sikujua kama nina ruhusa.

Jioni kabla ya jua kuzama nesi mmoja wa chumba cha upasuaji akaja, kofia ya kijani bado kichwani, barakoa imeshuka shingoni. Akaita wodi nzima isikie: "Dada yake mgonjwa wa kitanda cha tisa ni nani?"

Nikasimama. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko chumba cha kuzindukia, mumewe yuko mlangoni. Tumemsafisha vizuri." Akatoa karatasi mfukoni. "Kabla hatujamlaza aliniapisha nije nikusomee hesabu, wewe mwenyewe, si mtu mwingine. Mafungu yalikuwa manne. Vimeingia ishirini na vitatu. Vimetoka ishirini na vitatu."

Akanipa ile karatasi, akarudi kazini. Mafungu manne, ishirini na vitatu. Vitatu ni vyangu. Mpaka leo sijajua kama Chiriku aliniletea hesabu ile ili nipumue, au ili nisisahau, na yeye, aliyekuwa hanyamazi hata akila, hajaniambia.